Vigelegele vya Wodi ya Migongo

Ufito-kuzi ulianza kunguruma taratibu ndani ya mgongo wa Nyamizi, naye mtoto akasimama wima kwenye mwimo wa mlango, visigino vikigusa ubao. Hakuna aliyemshika. Ufito huo wa chuma, uliopandikizwa kando ya uti wake uliopinda, ulijirefusha wenyewe kwa amri ya akili mnemba, ili mgongo ukue umenyooka na mapafu yapate nafasi. Muuguzi akachora alama mpya juu ya ile ya mwezi uliopita. Kina mama wakapiga vigelegele, kama ilivyokuwa desturi ya wodi ile tangu mtoto wa kwanza.

Kalunde, mhandisi aliyeubuni ufito huo, hakupiga. Hakutulia hata kidogo: anakaa, anasimama, anarudi kwenye skrini. Akili mnemba ilisema ukuaji ni mzuri. Lakini nguvu ya kuvuta ilikuwa ikipanda kila mwezi. Ama pingili za uti zilizoshikiliwa muda mrefu zimeanza kugandana, ama chuma kinakaribia kukatika. Hatari hizo alizijua, ndiyo maana aliuunda ufito usimame pindi mtoto anapolalamika maumivu. Nyamizi hakuwahi kulalamika.

"Inauma, mwanangu?"

"Haiumi, shangazi." Alijibu haraka mno.

"Tusimamishe kwanza," Kalunde akasema.

Mama Nyamizi akamgeukia. "Usimamishe nini? Mwanangu alikuja hapa hawezi hata kupanda ngazi, anahema kama kizee. Leo anarefuka mbele ya macho yako, halafu unaniletea habari za kusimamisha?"

"Mama, tukiendelea ufito unaweza kumkatikia ndani."

"Na tukiacha?"

Kalunde alitamani kudanganya. "Kifua kinaweza kubaki kidogo. Na huenda tukampasua tena."

Alijisikia vibaya kwa kusema hayo mbele ya mtoto. Akapiga magoti, akauweka mkono polepole juu ya mgongo ule mdogo. Nyamizi akashtuka, machozi yakamlengalenga.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zianze," mtoto akanong'ona. "Nikisema inauma, chuma kitaacha kunivuta. Halafu mama hatapiga kigelegele."

Mama Nyamizi akaketi sakafuni palepale. Kalunde akabonyeza kitufe na ngurumo ikakoma. Alijilaumu, mashine yote aliipima, ila hakuwahi kufikiria kwamba mtoto anaweza kuumia akanyamaza ili mama yake afurahi.

"Wenzako je?" akauliza. "Kuna mwingine anayeumia?"

Nyamizi akamtazama mama yake kwanza, kama anayeomba ruhusa.

"Wote, shangazi. Tulikubaliana tusiseme."

Chumba cha pili vigelegele vikalipuka. Mama Nyamizi ndiye aliyetangulia kukimbia, mikono juu, akiwapigia kelele wanyamaze.