Mishororo Mitatu ya Bi Odile

Kila siku akitoka shule, Orysia Danyliuk alivua buti za theluji mlangoni, akanawa mikono, akaketi kwenye meza ya jikoni kukunja karatasi. Mama yake, Larysa, alikuwa mshairi, tena mhariri wa kijitabu cha washairi wa mji wao wa Saskatoon. Karatasi zilikunjwa na kubanwa pini hapo hapo jikoni, kando ya sufuria ya supu ya bitiruti.

Washairi waliingia na kutoka kana kwamba nyumba ni yao. Mmoja alikuwa mwalimu, mwingine dereva wa basi la shule, na wote waliweza kubishana saa nzima juu ya koma moja. Orysia aliwapenda sana. Mama alipomwambia kwamba mwaka huu kutakuwa na ukurasa wa watoto, na kwamba wote wanalisubiri shairi lake, alifurahi kupita kiasi. Lakini furaha hiyo haikudumu siku mbili.

Aliandika, akafuta. Akaandika tena, akachana. Siku ya mwisho ya kupokea mashairi, mswada wa Bi Odile Gaudet ulikuwa mezani, umeletwa ili Mama autolee maoni. Bi Odile, mama wa miaka sabini na mmoja, ndiye aliyekuwa mkubwa wao wote. Orysia akasoma: baba alitoboa barafu kwa shoka, ng'ombe wakainamisha vichwa, wakainywa mbingu iliyokuwa chini. Ilikuwa mishororo mitatu tu. Aliinakili, akaizungushia maneno yake kuhusu babu, akampelekea mama yake.

Mama, aliyekuwa bado hajaufungua mswada ule, alisoma kwa sauti, kisha akamkumbatia. Kijitabu kilitoka mwezi wa pili, na kila aliyekutana na Orysia alimsifu kwa ile mbingu ya ng'ombe. Kila sifa ilimchoma kama mwiba.

Mwezi wa nne Bi Odile alialikwa kusoma mashairi yake kwenye duka la vitabu. Alipofika kwenye ile mishororo, watu wakageuka wakatazamana. Orysia alikaza macho kwenye sakafu. Kesho yake Bwana Fennimore, mwenyekiti wa kamati ya tamasha la mashairi la mji, ambako Bi Odile angesoma, alimpigia Mama simu. Alisema kamati itakutana Jumamosi, na kwamba huenda jina la Bi Odile likaondolewa, kwa maana mtu mzima hawezi kumwibia mtoto halafu akapewa jukwaa.

Tangu hapo Orysia hakutulia. Darasani aliitwa mara tatu bila kusikia. Alikuwa akisimama, akiketi, akisimama tena, hadi Mama akamuuliza kama anaumwa, naye akajibu kwamba ni kichwa tu. Alhamisi, badala ya kurudi nyumbani kukunja karatasi, alivuka daraja la mto mbiombio mpaka nyumbani kwa Bi Odile. Alibisha hodi, na kabla hajavua buti, akasema yote.

Bi Odile hakushtuka. "Nilijua tangu siku kijitabu kilipotoka," alisema.

"Mbona hukusema, Bi Odile?"

"Niseme nini, mjukuu wangu? Nikimbie mjini nikilalamika juu ya mtoto wa miaka kumi na miwili? Nilijiambia utakuja. Ila umechelewa, maana sasa wananiita mimi mwizi."

"Nifanye nini?"

"Mimi umeshaniambia. Wasiojua ni wale wengine."

Jioni ile Orysia alimweleza mama yake. Mama alisugua kiganja kimoja kwa kingine. Alikiri kwamba na yeye alikosea: alisikia ile mishororo dukani, akashuku, akaogopa kuuliza. Jumamosi wakaenda pamoja.

Kamati ilikuwa imeketi kati ya rafu za duka lile la vitabu, na Bi Odile ameketi pembeni. Orysia alisimama. "Mishororo ile ni ya Bi Odile," alisema. "Mimi ndiye niliyeiiba, kwenye meza ya jikoni kwetu." Bwana Fennimore alivua miwani, akainuka, akamwomba Bi Odile radhi mbele ya wote. Jina lake likabaki kwenye tamasha.

Wiki nzima Orysia aliandika vipande vya karatasi vya masahihisho, akavibandika kwenye nakala zilizosalia, na nyingine akazifuata majumbani kwa watu. Wapo waliomcheka. Dereva wa basi alimwambia, "Haya, mwizi wa ng'ombe, ingia unywe chai," naye akaingia. Usiku alilala usingizi mzito kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi.

Alipomaliza, alimpelekea Bi Odile shairi lake mwenyewe, fupi na lenye kukwaruza, kuhusu kukunja karatasi. Bi Odile alilisoma mara mbili.

"Mshororo wa pili ni mbovu," alisema.

"Najua."

"Vizuri. Mshororo mbovu ulio wako utaurekebisha kesho, au mwakani. Mzuri wa mwenzio hutaurekebisha kamwe. Utakaa unaulinda tu, mchana na usiku, usije ukatambuliwa. Sasa vuta kiti, tuanze."