Tisini na Tatu kwa Mia

Kila siku baada ya masomo, Tessa Wojcik alipita nyumbani kuacha mkoba, akala mkate wake wa siagi ya karanga, kisha akaenda kwenye ofisi ya kampeni, ambayo zamani ilikuwa duka la viatu. Hapo baba yake, Ray, aliwasimamia waliojitolea kumpigia debe Bi Lorraine Pruitt, aliyegombea kiti cha jimbo letu katika Bunge la Washington. Kazi ya Tessa ilikuwa kuwapigia simu wazee na kuwauliza kama wanahitaji gari la kuwapeleka kupiga kura. Aliyehitaji, jina lake liliandikwa kwenye ubao wa madereva.

Jumatatu, siku moja kabla ya uchaguzi, lilibaki jina moja: Mzee Orville Hatch, ng'ambo ya mto, wa kuchukuliwa kesho saa kumi na moja jioni. Kabla hajaliandika, kaka yake Colby alimsogezea simu.

"Hebu ona. Pruitt tisini na tatu kwa mia."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Soko la ubashiri. Watu wanaweka dola zao kwa yule wanayedhani atashinda. Kazi imekwisha, mdogo wangu. Twende uwanjani."

Tessa alielewa vibaya, kama nusu ya mji wetu. Alidhani kati ya kila wapiga kura mia, tisini na watatu ni wa Pruitt, kumbe ilikuwa tu nafasi ya kushinda waliyomkadiria wabashiri. Mzee mmoja wa ng'ambo ataongeza nini? Akaitia mfukoni karatasi yenye jina la mzee. Baba alipouliza kama wote wamepangiwa gari, akajibu, "Wote, Baba." Wala hakubabaika.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Siku ya uchaguzi, saa moja jioni, simu ya ofisi ililia na Tessa akaipokea.

"Hatch hapa. Nimevaa koti na tai tangu saa kumi, binti. Hilo gari lenu linatokea Washington?"

Tessa aliikumbuka ile karatasi. Angeweza kusema gari liko njiani, na vituo vingefungwa saa mbili bila mtu kujua. Alimwazia mzee dirishani na tai yake, akaona aibu.

"Baba, nilikudanganya," alisema. "Mzee Hatch sikumwandika. Colby alinionyesha tisini na tatu kwa mia, nikaona tumeshashinda."

Baba hakufoka, na hilo lilimwuma zaidi. "Hizo ni kura zilizohesabiwa?"

"Hapana."

"Ni mawazo ya watu waliokaa na simu zao. Hakuna hata mmoja atakayempeleka Mzee Hatch kituoni. Vaa koti twende."

Reli iliwachelewesha. Garimoshi la mizigo lilipita polepole, behewa baada ya behewa, na Tessa akawa anauma kucha. Walimchukua mzee, wakafika kwenye kituo cha zimamoto, ambako kura zilipigwa, ikiwa saa mbili kasoro dakika sita.

"Usinisukume," Mzee Hatch alimwambia Baba. "Nilianza kupiga kura hapa wewe hujaota meno."

Alipotoka na kibandiko cha mpiga kura kifuani, Tessa alishusha pumzi ndefu. Kidogo alie kwa furaha.

Garini mzee alikohoa. "Niwaambie ukweli, maana mmenitendea wema. Nimempa yule mwingine. Pruitt wenu simtaki hata kwa dawa."

Baba alicheka mpaka akapunguza mwendo. "Haidhuru, mzee. Ukitaka kwenda kwa daktari, nipigie tu."

Asubuhi ilijulikana kwamba Bi Pruitt ameshinda, tena kwa tofauti ya kura chache mno, hivi kwamba Colby alifunika simu yake mezani, akanywa maziwa yake.

"Baba," Tessa aliuliza, "kwa hiyo jana tulimsaidia mpinzani?"

"Tulimwahidi gari, mwanangu. Hatukumwuliza kura yake ni ya nani. Kubashiri waachie wanaobashiri. Ukiahidi, timiza, uwe unashinda au unashindwa. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema jana, wakati gari bado linaweza kufika."