Wimbo wa Wachambua Kahawa

Mimi siogopi kitu. Uliza mji mzima wa Jacmel, hapa Haiti. Nishawahi kulala juu ya kaburi nikakoroma mpaka maiti wakahamia kwa jirani. Kwa hiyo nikikwambia siku ile nilitetemeka, ujue si mchezo.

Ilikuwa Jumapili mchana, jua linachoma kofia. Ghala la kahawa la bandarini lilikuwa limepakwa rangi, limegeuzwa ukumbi, na watoto wa kwaya wanakuja kuimba historia yake. Mpwa wangu Islande, miaka tisa, ndiye mwanzishaji wa nyimbo. Sauti yake, nakuapia, meli zilikuwa zinapunguza mwendo zimsikilize.

Mwalimu wao wa kwaya, Fénelon, alichagua wimbo wa wanawake waliokuwa wanachambua kahawa humo. "Waliimba kutwa kwa furaha," akawaambia wageni.

Bibi yetu Orélia, aliyechambua humo akiwa binti, akanivuta shati.

"Furaha gani," akanong'ona. "Tuliimbishwa. Mdomo unaoimba hauwezi kuficha kahawa. Ukinyamaza kabla mwenye ghala hajasema basi, nyapara anakuchapa."

"Bibi, umeshaanza."

"Wimbo ule hauanzwi humu. Nani atausimamisha?"

Nikamcheka. Watu wa mbele wakatugeukia.

Islande akaanza. Wenzake wakapokea. Beti zikaisha, makofi yakapigwa, Fénelon akashusha mikono. Watoto hawakunyamaza.

Akashusha tena. Wakaendelea. Watu wakacheka, wakidhani ni mbwembwe. Ndipo nikaona mikono ya watoto. Yote inachambua. Vidole vinaokota, vinatupa, vinaokota. Hewani. Hakuna kitu.

Sauti zikashuka. Zikawa nzito. Za wanawake wazima, waliochoka.

Mimi nikajikuta mlangoni, sijui miguu ya nani ilinifikisha. Dada yangu Mirlande alipanda jukwaani akamziba mwanawe mdomo. Islande akaruka kama aliyechapwa. Akaimba kwa kasi zaidi. Machozi yanamtiririka.

Bibi akajikongoja hadi kiti cha mbele, alipokaa Bwana Delorve, mjukuu wa mwenye ghala. Akampigia magoti. Mwanamke ambaye hata padri hajawahi kumpigisha magoti.

"Bwana, sema basi. Neno moja tu. Unaniulia kitukuu."

Delorve akainama, huku anawatabasamia wapiga picha. "Nikubali mbele ya wageni kwamba babu yangu alichapa watu? Waache, bibi. Wanafurahi."

Akapiga makofi. Akapanda gari lake.

Wenzake Islande walianguka mmoja mmoja, wakaamka salama, hawakumbuki kitu. Yeye hakuanguka. Tulimbeba anaimba. Tukamlaza anaimba. Kesho yake sauti ikakatika, midomo ikaendelea. Ikasimama jioni.

Hajatamka neno mpaka leo, mwaka wa pili huu. Fénelon anasema ni homa. Delorve alituletea shada la maua, na kadi ya kumpongeza mtoto kwa kuimba vizuri.

Jioni ile midomo iliposimama, Mirlande alimvua nguo amwogeshe. Akaniita kwa sauti ndogo.

Mgongo mzima ulikuwa na alama za fimbo. Si mbichi. Makovu. Yameshapona, yamefifia, ngozi imejikunja juu yake, kama ya mtu aliyechapwa miaka sitini iliyopita.