Bihogo Atafutiwa Mwenzake

Kila asubuhi, kabla majirani hawajawasha moto, Mzee Rwakabuba alitoka nje ya nyumba yake kule Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, akaita ng'ombe. Hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Alisimama mbele ya kizimba cha mbao chenye paa la turubai, akaita kwa ile sauti ndefu ya malishoni.

"Bihogo! Bihogo wangu, wewe wa mbele!"

Ndani ya kizimba aliinuka sungura mwenye rangi ya udongo mwekundu. Alikuja polepole, akabandika pua yake kwenye wavu.

Kantengwa, mke wa mzee, alisikiliza kutoka jikoni huku akikoroga uji. Sauti ile ilimrudisha mbali. Ilimrudisha kwenye milima ya Kivu ya Kusini, kwenye ukungu wa alfajiri na vibuyu vya maziwa vinavyonukia moshi. Ilimrudisha kwa Bihogo wa kwanza, ng'ombe mwekundu aliyetangulia kundi zima. Vita vilipokuja, ng'ombe walibaki huko. Walichobeba mpaka Nakivale ni jina tu.

Rwakabuba hakuwa msemaji tena. Tangu wawe wakimbizi, aliweza kukaa mchana kutwa bila neno. Lakini kwa Bihogo alisema. Alimweleza habari za nyasi, za mvua, za mito waliyovuka zamani. Akishazungumza na sungura, ndipo alipoweza kuzungumza na watu. Kantengwa alilijua hilo, na hakumwambia mtu.

Viviane, jirani yao aliyeitwa pia Mama Divine, aliuza dagaa na mawese kando ya barabara. Alipenda kumtania mzee, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Papa Bienvenu, kule kwetu balikuita tajiri ya ngombe. Leo weye ni tajiri ya masikio."

"Masikio hayaibiwi na waasi, Viviane," mzee alijibu.

Miaka saba Bihogo aliishi na dada yake, Gitare. Walilala ubavu kwa ubavu na kulambana nyuso. Kiangazi cha mwaka 2013, Gitare akafa kwa uzee. Tangu hapo Bihogo alijikunja pembeni. Alisogelea majani ya viazi, akayanusa, akayaacha. Kidevu chake kililowa mate.

Mzee aliita. Bihogo hakuja. Kesho yake aliita tena. Asubuhi iliyofuata hakuita. Alikunywa uji wake, akageuza kiti akatazama ukuta.

Kantengwa aliogopa. Akamwendea Viviane.

"Iko na ukiwa mingi," Viviane alisema. "Mumutafutie mwenzake."

"Bihogo ni mzee, Mama Divine. Mgeni uzeeni si mzigo?"

"Na kukaa peke yake uzeeni si mzigo?"

Kantengwa alimweleza mumewe. Rwakabuba alifikiri, kisha akasema neno lake la kwanza siku ile. "Ng'ombe aliyefiwa haachwi peke yake."

Basi wakapata sungura kijana kwa rafiki wa kanisani, kule Ngarama. Alikuwa dume jeusi lenye masikio marefu na haraka nyingi.

Jioni ile Rwakabuba alifanya kama baba yake alivyofanya. Ng'ombe mgeni hupitishwa kwenye moshi wa moto wa zizi, apate harufu ya nyumbani. Kisha huingizwa kati ya wenzake. Mzee aliwasha samadi kavu, akampitisha yule sungura kijana kwenye moshi mpaka akapiga chafya.

"Watapimana pembe mara moja," alisema. "Kesho watalamba chumvi pamoja."

"Sungura wana pembe?" Kantengwa aliuliza.

"Wana desturi."

Akafungua kizimba cha Bihogo, akamsukuma kijana ndani.

Hawakupimana kitu. Bihogo aliruka kutoka pembeni kama hajaumwa hata siku moja. Manyoya yalitapakaa. Kizimba kilitikisika. Mzee alitia mkono kuwatenganisha, akaumwa kidole. Walipowatoa, sikio la Bihogo lilikuwa limechanika, na damu inadondoka kwenye nyasi.

Viviane alikimbia kumwita Nestor. Nestor alikuwa mkulima aliyetoka upande wa Kabare, kule Kivu. Kwao walifuga sungura tangu enzi za babu yake. Alifika, akamtia kijana ndani ya katoni, akaliosha sikio la Bihogo kwa maji ya chumvi.

"Papa," alisema kwa upole, "ngombe ni wa kundi. Malisho ni ya wote. Sungura ni mwenye nyumba. Ukimutia mugeni mu nyumba yake, yeye anaona mwizi."

"Na moshi?"

"Moshi unamuumiza macho na pua, basi. Tena, nani alibaambia huyu ana ukiwa?"

"Hali chakula," Kantengwa alisema.

Nestor aliinua kichwa cha Bihogo. "Angalia kidevu, Mama Bienvenu. Ukiwa hautoi mate. Huyu anaumwa mu kinywa. Mumupeleke kwa daktari wa wanyama, kule Mbarara. Na kijana pia, asibaki bila kuangaliwa."

Rwakabuba alikitazama kidole chake. "Nimemuumiza," alisema. Akaingia ndani.

Kantengwa alikwenda Mbarara na makapu mawili yaliyofunikwa kitenge. Mwanawe Bienvenu, aliyefanya kazi mjini, alimpeleka kwa Dokta Kabera. Daktari alimfungua Bihogo mdomo, akaguna.

"Nyabo, mama yangu, hii sungura inakula nini?"

"Majani ya viazi. Pumba. Na ugali kidogo, mzee wangu humpa."

"Ndiyo hiyo. Meno ya sungura haiachi kukua. Nyasi ngumu ndiyo inasugua, inabaki fupi. Kama anakula laini tu, meno inakuwa mrefu, inadunga ndani. Njaa iko, lakini kula anashindwa."

"Kwa hiyo hakuwa na ukiwa?"

"Pengine yote mbili. Kwanza tutengeneze mdomo. Akianza kula, wewe angalia. Kama anachangamka peke yake, muache, ukae naye tu. Kama anakula na bado amekaa kona moja, mpe mwenzake. Lakini pole pole, nyabo."

Daktari alipunguza meno ya Bihogo, akalitibu sikio. Kisha akamtazama kijana. "Huyu ni dume. Unataka watoto?"

"Bihogo ni bibi kizee."

"Basi tunamhasi. Mimba katika uzee inaweza kumuua. Hata baada ya hapo, usiwaweke pamoja mpaka mwezi na nusu ipite. Mbegu inabaki kidogo."

Nyumbani, Rwakabuba aliinua kitenge, akachungulia. "Mmemfanya maksai."

"Ndiyo," Kantengwa alisema.

Mzee alikishusha kitenge. "Maksai wa baba yangu ndiye aliyelala na ndama usiku wa baridi," alisema.

Kuanzia siku hiyo alikata nyasi ngumu mwenyewe, akazianika juani. Bihogo alikula, akanenepa. Lakini kila akishiba, alirudi kulala kwenye ile kona aliyolala na Gitare, uso ukutani. Kantengwa alimwangalia, akapata jibu: alihitaji mwenzake.

Nestor aliwafundisha. Kijana aliwekwa kizimba chake, kando ya kile cha Bihogo, pua zinusane lakini meno yasifikiane. Walibadilishiwa nyasi za kulalia, kila mmoja azoee harufu ya mwenzake. Walilishwa saa ile ile, kila mmoja upande wake wa wavu. Muda wa daktari ulipopita, wakaanza kukutanishwa mahali ambapo si kwa yeyote. Palikuwa jikoni kwa Viviane.

"Jikoni yangu sasa ni fasi ya kuposea," Viviane alilalamika, akihamisha sufuria.

Siku ya kwanza walikimbizana. Nestor aliwatenga kwa ufagio kabla hawajaumana. Siku nyingine walipeana migongo. Waliwatoa mapema kila mara, wakiwa bado na amani. Hivyo hivyo, kidogo kidogo.

Alasiri moja kijana alisogea, akalaza kichwa chini mbele ya Bihogo. Akatulia. Bihogo alikaa kama anayefikiri. Kisha akamlamba paji la uso, kama alivyomlamba Gitare.

Rwakabuba alitoka nje akapenga pua.

Waliosha kizimba cha Bihogo kwa maji moto, wakapanga upya kila kitu ndani yake, kisiwe tena nyumba ya mmoja. Jioni wakawaingiza wote wawili.

Asubuhi Kantengwa alikoroga uji, akasikiliza. Nje palikuwa kimya. Kisha ikaja ile sauti ndefu ya milimani.

"Bihogo! Bihogo wangu, wewe wa mbele!"

Kijana mweusi hakuwa na jina. Tangu aje, mzee hakutaka kumpa jina la ng'ombe kama wenzake. Kantengwa alimsikia mzee akikohoa, akisafisha koo.

"Rusine! Nawe wa nyuma, njoo. Usimwache mwenzako."

Halafu mzee akaanza kuwaeleza habari za nyasi, na za mto fulani waliouvuka na Bihogo wa kwanza, maji yakiwa kifuani. Kantengwa aliutoa uji motoni. Akachukua vikombe viwili, akatoka, akaketi karibu apate kusikia vizuri.