Anayemwitikia Audrey

Mwalimu Gathogo alipofika kwenye jina la Audrey, sauti iliitika, "Nipo, mwalimu," kabla Caren hajagusa simu.

Caren alibaki na kidole hewani. Simu ilikuwa juu ya stuli, imeegemezwa kwenye gorogoro, lile kopo la kupimia, lililojaa omena, dagaa wa kuuza, na alama ya maikrofoni bado ilikuwa imepigwa mstari mwekundu. Ndani ya nyumba, hapo mtaani Kisumu Ndogo, walikuwa wawili tu, yeye na mjukuu wake Immaculate. Audrey, binti yake, mamake huyo mtoto, alizikwa nyumbani Siaya kabla mvua hazijaanza.

Alipokuwa hai, Audrey alisuka nywele sehemu iitwayo Kongo, kule Kawangware, huku akisomea ualimu wa chekechea kwa mtandao. Darasa lilianza saa kumi jioni, wakati bado ana kichwa cha mtu mkononi, na asiyeitika jina mara kwa mara haruhusiwi kufanya mtihani. Basi walipatana na mamake. Caren angeingia darasani kwa simu ya nyumbani, aitike, kisha Audrey akifika akalie stuli yake. Homa ya uti wa mgongo ilipomchukua, Caren hakuwaambia watu wa chuo. Alhamisi, siku ya darasa, ilipofika alinunua bando, akakaa, akasikia mgeni akiita jina la mtoto wake vile anavyoitwa mtu mzima wa afya. Akaitika. Mungu amrehemu, ilikuwa tamu. Wiki iliyofuata akarudia.

Sasa kulikuwa na mwingine anayeitika.

Njambi, aliyesoma na Audrey bila hata siku moja kuonana naye uso kwa uso, alipiga simu akicheka. "Mama Audrey, sasa? Hebu mwambie huyo msichana wako awashe kamera! Ametusaidia sana na kazi ya kikundi, lakini anaongea kama mtu ako ndani ya tanki la maji. Ama mmehamia kisimani?"

Caren alikata simu, akakaa kitandani akilia. Ukweli ni kwamba hakulia kwa woga peke yake. Alifurahi.

Kisha ikaja harufu ya rasta, zile nywele za kusukia, zinapochovywa kwenye maji moto, ile Audrey aliyokuwa akirudi nayo kwenye nguo. Stuli ikaanza kulia saa kumi ikifika, kama inavyolia mtu akikaa. Na Immaculate, mtoto wa kuimba kutwa, akaacha uji, akaacha mchezo, akawa anakaa sakafuni kando ya stuli, miguu baridi kama samaki, midomo ikimsinyaa, akinong'ona na kucheka na kunyamaza kama anayesikiliza, mpaka Caren, nyanya anayemwita dani, alipochuchumaa na kumuuliza anaongea na nani.

"Na mama. Amesema nitaanza shule na yeye. Dani, nikiitwa niseme nipo, eh?"

Caren alimbeba mgongoni, wakaenda kwa Mama Christine, kiongozi wa maombi kanisani, akamsimulia yote. Mama Christine alishika miguu ya mtoto.

"Dada, ni jini ama ni mtoto wangu?" Caren alinong'ona.

"Sitakudanganya, sijui. Jini linaweza kuvaa sauti ya mtu. Nitaomba, nitakemea mpaka koo likauke. Lakini wewe Alhamisi si utamwita tena?"

"Simwiti. Namwitikia tu."

"Ndiyo hiyo. Tulimzika sote, tukaimba. Halafu wewe ukarudi ukaambia watu yupo. Nenda useme ukweli palepale ulipodanganya."

"Nikisema hivyo watamfuta."

"Watamfuta, ndio." Mama Christine alianza kulia naye. "Na huyu je?"

Alhamisi, saa kumi, jua likiwaka juu ya mabati, Mama Christine alisimama mlangoni na Biblia. Harufu ilijaa nyumba. Mwalimu Gathogo aliita majina, moja baada ya jingine, akafika la Audrey, na ile sauti ya ndani ya maji ikasema, "Nipo." Akaendelea. Kisha akasita.

"Immaculate? Hili jina limeingia lini? Immaculate yupo?"

Mtoto alifungua mdomo. Caren alimrukia, akamziba kwa kiganja, na kwa mkono wa pili akabonyeza maikrofoni kwa nguvu hata simu ikaanguka kifudifudi kwenye omena.

"Mwalimu, hayupo! Huyo ni mtoto mdogo, hayupo! Na Audrey... Audrey alikufa. Mimi ni mamake. Ni mimi nimekuwa nikimwitikia."

Halafu, si kutoka kwenye simu, bali kutoka kwenye stuli, karibu kabisa na sikio lake, "Mama, kwani umenichoka?"

Caren aliuma midomo asimwitikie, mpaka ikatoka damu. Stuli ililia kama mtu anainuka, na harufu ikaisha.

Immaculate alikunywa uji jioni hiyohiyo. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa ameanza tena kuimba, na mchezo wake mpya ukawa shule. Hupanga vizibo vya soda mlangoni, anaviita majina, na kila kizibo anakiitikia mwenyewe kwa sauti yake. Kimoja tu hakiitikii. Huita, "Audrey?" kisha anageuka na kumtazama nyanya yake, akingoja.

Caren hujaza leso mdomoni asije akaitika, na kuendelea kupepeta omena.