Mguu wa Mwaka Jana

Kila asubuhi, kabla jua halijapata ujasiri wa kuchungulia mtaa wa Ngokolo, Nyamizi alifagia uwanja, akateka maji, akamwamkia mama yake, kisha akaenda shule huku akikwea kila kitu kilichokuwa njiani: kuta, vichuguu, na siku moja tela la trekta ambalo mwenye trekta alikuwa amelala ndani yake. Mwalimu Sostenes, aliyefundisha michezo, aliona kipaji hicho kinahitaji mahali penye adabu zaidi. Akamwingiza katika klabu ya kupanda majabali.

Klabu ilikuwa na kamba imara, kofia ngumu na sanduku la viatu. Sanduku hilo lilifunguliwa kwa taadhima kubwa, wanafunzi wote wakiwa wamesimama upande upepo unakotokea, kwa sababu viatu vilikuwa vya kuazimana na harufu yake ilikuwa imekaa shuleni hapo miaka mingi kuliko mwalimu mkuu.

"Kiatu cha kupandia si cha kwenda nacho kanisani," Mwalimu Sostenes aliwaambia. "Hiki hakinunuliwi kikubwa ili ukulie humo. Mguu ukicheza ndani, utateleza. Lazima kibane."

Neno hilo lilimkaa Nyamizi kichwani. Jioni alimpigia baba yake kwa simu ya mama. Baba yake, Mzee Masele, alikuwa Geita kwenye maduara, yale mashimo ambayo wachimbaji wadogo huyashuka kutafuta dhahabu. Aliondoka mwaka jana baada ya mavuno, akaahidi kurudi Krismasi. Krismasi ilikuja peke yake.

"Baba, kuna mchujo wa kwenda mashindano Mwanza," Nyamizi alisema. "Nahitaji viatu vya kupandia. Mwalimu anasema lazima vibane."

"Vibane? Ni viatu hivyo au ni adhabu?" Baba alicheka. "Haya, nitavitafuta. Na siku ya mchujo nitakuja kukutazama."

Viatu vilikuja. Baba hakuja. Kondakta wa basi alimkabidhi Mama Nyamizi mfuko, na ndani yake mlikuwa na viatu vyekundu vya mtumba, vizuri kuliko vyote vya sandukuni. Pamoja navyo kulikuwa na kipande cha bua la mtama. Nyamizi alikitambua. Baba alikikata asubuhi ile ya kuondoka, akakipima kwenye wayo wa Nyamizi ili akikuta viatu huko asibahatishe. Wazazi wengi hupima hivyo, na wakifika sokoni huongeza upana wa kidole ili mtoto akulie humo. Safari hii baba hakuongeza kidole. Aliambiwa vibane.

Nyamizi aliingiza miguu ndani yake. Vidole vikapandana kama mbuzi wanaopelekwa mnadani.

"Vinatosha?" mama aliuliza kutoka jikoni.

Nyamizi aliliweka lile bua kando ya wayo wake. Mguu ulikuwa umelipita. Basi baba alikuwa amemnunulia viatu mtoto mwingine, yule aliyemwacha mwaka jana. Kusema havitoshi kulikuwa ni kusema kwamba baba hamjui tena.

"Vinatosha, mama. Vinabana vizuri."

Siku za mazoezi zilikuwa za msiba mdogo uliovaa rangi nyekundu.

"Mbona unatembea kama kuku aliyekanyaga makaa?" rafiki yake Limi alimuuliza.

"Huu ndio mwendo wa wapandaji."

"Basi mimi niache niwe mpanda baiskeli."

Mwalimu Sostenes naye aliuliza, "Hivyo viatu vinakubana?"

"Vinabana, mwalimu."

Kwa maneno, hakusema uongo. Uongo ulikuwa chini, ndani ya kiatu, umejikunja pamoja na vidole.

Siku ya mchujo walikwenda kwenye majabali ya nje ya mji. Nyamizi alifungwa kamba, akaanza kupanda njia aliyokuwa ameizoea. Alipofika katikati, vidole vilikufa ganzi. Aliweka mguu kwenye ukingo mwembamba, lakini hakuweza kujua kama ameukanyaga au la. Hakuwa ameukanyaga. Alichomoka, kamba ikamdaka, akabaki ananing'inia. Akajaribu tena. Mguu haukukubali kubeba hata jina lake. Mwalimu akamshusha taratibu.

Wenzake walikuwa wakicheka mpaka mwalimu alipomvua kiatu. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa mweusi, na damu ilikuwa imegandia ndani. Hakuna aliyecheka tena.

"Nani alikutuma uvumilie hivi?"

"Mwalimu, ulisema vibane."

Mwalimu Sostenes akaketi chini kwenye vumbi. "Nilisema vibane. Sikusema vifinye. Kiatu kibane kama mkono wa mtu anayekusalimu kwa upendo. Kisigino kisicheze, vidole viguse mbele na kujikunja kidogo tu, na pasiwe na mahali panapouma. Ukijaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kwa kazi za kutwa, kitakuambia ukweli." Alikiweka kiatu kando. "Nami nilikuuliza neno moja, nikaridhika. Ilinipasa niutazame mguu."

Nafasi ya Mwanza ilikwenda kwa Limi. Hakushangilia. Alimbebea Nyamizi viatu hadi nyumbani bila kutoa mzaha hata mmoja, jambo lililomtisha Nyamizi kuliko ule ukucha.

Jioni hiyo mama alipiga simu Geita, akampa Nyamizi na kutoka nje.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Nisamehe, nilikwama huku. Umewashinda?"

"Sikushinda. Viatu havikunitosha tangu siku ya kwanza. Nilidanganya. Lile bua lilikuwa la mwaka jana, baba. Mguu umekua."

Mashine za kusaga mawe zilisikika nyuma ya baba, zikisaga na kusaga.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Niliogopa utajua kwamba umekaa sana."

"Nimekaa sana, ndiyo. Hilo ni kosa langu, si la mguu wako." Sauti yake ilikuwa ikikwaruza. "Lakini sikia. Siku zote hizi nilikuwa nafurahi na mtoto ambaye hayupo, anayepanda majabali kwa raha. Ukinificha panapokuuma, unaniweka mbali kuliko Geita. Jambo likikuuma, liseme lingali dogo. Anayekupenda atahuzunika, lakini atajua pa kukushika."

"Mwalimu amenijaribishia jozi nyingine ya sandukuni. Haifinyi. Nikipona nitaanza tena."

"Vizuri. Sasa niambie, mguu wako wa sasa ukoje?"

Nyamizi aliitazama miguu yake, iliyokuwa imeloweshwa kwenye beseni la maji ya chumvi.

"Kidole cha pili kimekipita kidole gumba," alisema.

"Kimekipita?"

"Ndiyo, baba. Na kisigino kimepanuka."

"Endelea," baba alisema kwa sauti ndogo. "Endelea, mama. Nakusikia."