Surafel na Machozi ya Mama Yake

Jamani, hebu nisikilizeni. Jambo hili limetokea hapa kwetu Dessie, Ethiopia, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na mpaka leo likinijia moyoni nakosa raha.

Surafel aliishi na mama yake, Aselefech, kwa amani tu. Kila asubuhi mama alikaanga kahawa, mwanawe akamrekodi kwa simu na kuiweka video kwenye chaneli yake. Watu wakitazama, matangazo hupachikwa humo, naye akapata fungu lake kila mwezi. Walinunua unga wa injera, mkate wetu wa kila siku, wakalipa umeme. Ni kazi halali kabisa, sina neno nayo.

Kisha watazamaji wakapungua. Surafel akawa anashinda akiangalia video za wenzake, na tamaa ikamwingia.

"Kahawa imewachosha watu," alimwambia rafiki yake Getnet. "Wanataka machozi."

"Ya nani sasa?"

"Ya mama. Tunampa habari ya msiba, akishalia tunamwambia ni mzaha. Tunacheka, yameisha."

"Wewe, una akili timamu kweli?"

"Dakika mbili tu, bwana! Acha woga."

Kwetu habari ya kifo haisemwi kwa simu. Watu huja alfajiri, wamejitanda shuka nyeupe, wakagonga, na ukiwakuta mlangoni umeshajua. Surafel alilijua hilo vizuri sana, maana ndivyo walivyoambiwa kifo cha baba yake. Akakodi watu sita wa mtaa wa mbali.

Aselefech alifungua mlango, akawaona, akapiga ukelele.

"Nani? Niambieni ni nani!"

"Ni Meklit," mmoja akasema.

Meklit ni binti yake, mfanyakazi wa ndani huko Beirut. Mama alijitupa chini, akajikwaruza mashavu mpaka yakatoka damu. Mwanawe alikuwa nyuma ya pazia anarekodi. Dakika mbili zikapita, zikafika tano, naye hakutoka, kwa kuwa kilio kilikuwa kimenoga. Mtoto wa kumzaa mwenyewe!

Alipotoka akicheka, mama hakucheka. Haraka Surafel akampigia Meklit kwa video, na uso wake ukatokea kwenye simu.

"Mama, ni mimi! Mimi mzima, mama yangu!"

Aselefech akaisukuma simu. "Hizo ni video zenu za kutengeneza. Mwanangu mmemzika wapi?"

Video ile ilitazamwa kuliko zote alizowahi kuweka, na pesa ziliingia kweli. Lakini mama alivaa nguo nyeusi, akaacha kula. Meklit alipiga simu kila siku, akiomba na kulia. Mwajiri wake alikataa kumwachia kabla mkataba haujaisha. Surafel akaifuta video, ila wengine walikuwa wameshainakili, wakaitia muziki na vicheko, nao wanalipwa kwayo hadi sasa.

Siku moja alimpigia mama yake magoti kando ya kitanda.

"Nisamehe, mama. Nilikudanganya. Meklit hajafa."

Mama akampapasa kichwa. "Sasa ndiyo unanidanganya, mwanangu. Unanionea huruma."

Hakuinuka tena kitandani. Mwezi wa sita tangu siku ile tulimzika, akiwa anaamini anamfuata binti yake. Meklit alirudi mkataba ulipokwisha, akakuta kaburi. Hamsemeshi kaka yake mpaka leo, na sisi majirani hatujui hata tuwapatanishe kwa maneno gani.

FUNZO

Ndugu zangu mnaopata riziki kwa kamera, fanyeni kazi, mlipwe jasho lenu. Lakini uchungu wa mzazi usiuzwe, maana ukishauachia mikononi mwa watu huwezi kuurudisha. Na sisi watazamaji tusijitoe lawamani. Surafel alitulisha kahawa ya mama yake tukamkimbia, akatupatia kilio cha mama huyo huyo tukajazana. Mimi pia niliitazama ile video, tena mara mbili.